Maji Yasiyotembea

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Hasna aliusukuma mtumbwi kwa upondo hadi kwenye nguzo ya chuma iliyosimama katikati ya mfereji. Nguzo ilipakwa rangi nyeupe, na namba nyeusi zilipanda kutoka matopeni hadi juu. Hasna alitazama mahali maji yalipofikia, akaituma namba hiyo kwa simu hadi ofisi ya maji mjini Nasiriya. Kwa kweli kazi ilikuwa ya baba yake, Mizhir, kwa kuwa nguzo ilikuwa mbele ya kisiwa chao cha matete. Lakini Mizhir hakusoma, na Hasna alikuwa darasa la sita.

"Mheshimiwa mhandisi amerudi!" kaka yake Chasib alimtania. "Haya, maji yamesemaje leo?"

"Yameshuka tena."

"Si uyaambie yapande? Bosi wao ni nani kama si wewe?"

Mwaka uliopita utani huo ungewachekesha wote. Kiangazi hiki hakuna aliyecheka. Mto Frati ulikuwa umedhoofika kiasi kwamba maji ya bahari yalipanda kutoka kusini na kuingia vinamasini. Nyati wao wa kufugwa waliyanywa maji hayo ya chumvi, wakakonda. Macho ya wawili yalianza kuwa meupe. Ndama alikufa akiwa bado amelala ubavuni mwa mama yake. Maziwa yalipungua hata mama hakupata malai ya kupeleka sokoni Chibayish. Majirani kadhaa walikuwa wameng'oa nyumba zao za matete wakaenda mjini kutafuta vibarua.

"Baba Chasib, na sisi tuondoke," mama alimwambia mumewe.

"Tukifika mjini nyati watakula nini? Lami?"

"Na wakibaki hapa watakunywa nini?"

Mizhir alitoka akaenda kunoa mundu. Siku iliyofuata aliwachukua watoto wake hadi kwenye kona ya mfereji, chini kidogo ya nguzo, upande maji yanakoelekea. Wakakata matete, wakayalaza kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, wakaweka tope, wakakanyaga, kisha wakalaza matete mengine juu yake. Walijua kazi hiyo vizuri. Ndivyo watu wa vinamasi wanavyojenga visiwa vyao tangu zama za mababu. Safari hii hawakujenga kisiwa. Walijenga ukuta wa kuzuia maji.

"Baba, na akina Ami Dakhil?" Hasna aliuliza huku akikanyaga tope. Dakhil, mdogo wake Mizhir, aliishi chini zaidi kwenye mfereji huohuo.

"Dakhil atapata njia nyingine. Kanyaga."

Muda si mrefu maji yalipanda. Nyati waliingia mpaka shingoni, wakakoroma kwa raha, na mama alilia kwa furaha. Hasna aliposoma nguzo, namba ilikuwa kubwa kuliko zote za kiangazi hicho. Aliituma. Punde simu ikalia.

"Hasna, mwanangu, umesoma vizuri?" Alikuwa Mhandisi Rabab wa ofisi ya maji. "Kote maji yanashuka, kwenu yanapanda!"

"Nimesoma vizuri, shangazi," Hasna alijibu, akimwita hivyo kwa heshima.

"Hakuna kilichobadilika hapo?"

Hasna alimtazama baba yake. Baba alitikisa kichwa polepole.

"Hakuna," alisema Hasna.

"Alhamdulillahi! Angalau mahali pamoja."

Furaha ile ya Rabab ilimchoma Hasna kuliko kuchapwa. Baba alimshika bega. "Hujadanganya," alisema. "Namba uliyotuma ndiyo iliyopo kwenye nguzo. Mengine hayakuhusu."

Lakini maji yenyewe yalianza kubadilika. Yaligeuka kijani, yakanuka. Samaki walielea wakiwa wameelekeza matumbo juu. Nyati ambaye mama alimpenda kuliko wote alilala chini akakataa kuinuka. Kila asubuhi namba ilikuwa ileile nzuri, na kila asubuhi Hasna aliituma.

Kisha ikafika siku ambayo Ami Dakhil alitokea kwa miguu. Hakuja kwa mtumbwi, kwa kuwa hapakuwa na pa kuupitisha. Alitembea juu ya ardhi iliyopasuka, palepale mfereji ulipokuwa, akivuta kwa kamba nyati wawili waliobaki mifupa. Binti yake Nuriya, rika la Hasna, alimfuata nyuma akiwa na midomo iliyokauka.

"Kumbe mko hai!" Nuriya alipaza sauti. "Tulidhani na nyinyi mmekauka kama..."

Hakumaliza. Alikuwa ameuona ukuta. Upande wa kwao kulikuwa na vumbi, upande wa pili kulikuwa na maji. Aliupanda, akainama. Juu ya tope lililokauka kulikuwa na alama za nyayo.

"Huu mguu si wa Chasib," alisema. "Mdogo huu. Ni wako, Hasna."

Hasna alitamani ardhi immeze.

Mizhir alitoka nyumbani, akamwona mdogo wake, akasimama.

"Ungenichinja tu, kaka," Dakhil alisema. "Ingekuwa haraka zaidi."

"Ningefanya nini, Dakhil? Niwaangalie nyati wangu wanakufa?"

"Mimi wangu nimewaangalia."

Hasna aliingia ndani, akatoka na simu. Alipiga mbele ya wote.

"Shangazi Rabab, nilikudanganya. Tumeziba mfereji chini ya nguzo. Maji hayajapanda. Tumeyafungia."

"Ah, Hasna," Rabab alisema kwa sauti ndogo. "Wiki hii tunakutana na majirani zetu wa nchi za juu ya mto. Tumewaomba waachie maji zaidi. Kila nchi inaweka namba zake mezani, wote wanazisoma. Jana waliniuliza, 'Vinamasi vyenu vinajaa, mnalilia nini?' Na namba waliyonionyesha ni ya nguzo yenu."

Mama alijishika kichwa. Chasib, aliyekuwa na neno la mzaha kwa kila jambo, aliketi chini.

Kesho yake Rabab alifika na kifaa chenye pangaboi dogo kwenye ncha ya fimbo. Alikizamisha karibu na nguzo. Pangaboi halikuzunguka hata kidogo.

"Nguzo inaonyesha kina," alisema. "Hiki kinapima mwendo. Hapa kina kipo, mwendo hakuna. Mto usiotembea ni dimbwi tu, ndiyo maana umeoza. Nahitaji kupima mfereji ukiwa wazi."

"Tukibomoa, nyati wangu watabaki kwenye tope," Mizhir alisema. "Unaniahidi kwamba maji yatakuja?"

"Siwezi kukuahidi, Baba Chasib. Naweza tu kuupeleka ukweli mezani."

Mizhir aliwatazama nyati wake, kisha wale wawili wa mdogo wake. Alichukua jembe mwenyewe. Dakhil alichukua la pili, wakaubomoa ukuta. Maji ya kijani yalipita kwa kishindo, yakanywewa na vumbi, na jioni yake Hasna aliona tope kwenye mguu wa nguzo. Alituma ujumbe: "Nguzo imekauka." Hakuwahi kuandika maneno mazito kama hayo.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Familia mbili zilikaa nyumba moja na kugawana maji yaliyoletwa kwa gari la tangi. Nyati wa mama alikufa, na mama hakula siku nzima. Nuriya alilala mkeka mmoja na Hasna bila kumsemesha. Rabab alipiga mara moja tu: "Bado tunazungumza. Endelea kutuma."

Hasna aliendelea. Kavu. Kavu. Kavu.

Asubuhi moja Nuriya ndiye aliyemwamsha. "Njoo uone," alisema. Kwenye mfereji vijiti na mapovu vilikuwa vinapita taratibu kuelekea kusini, kwao Nuriya. Maji hayakuwa mengi, lakini yalikuwa yanatembea.

"Wamekubali kuachia kiasi," Rabab aliwaeleza kwa simu. "Na watamtuma mtu wao aje apime pamoja nasi, ili asiwepo wa kumshuku mwenzake."

Dakhil na bintiye walipoondoka kurudi kwao, Mizhir aliwaita watoto wake wawili.

"Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio kitamuumbua," alisema. "Mimi niliuficha ugonjwa wa mto, na daktari wake akaamini mto ni mzima. Karibu tuwaue watu wasiotujua, na ndugu yangu kwanza. Hasna, nilikwambia hujadanganya kwa kuwa namba ilikuwa sahihi. Nilikosea. Ukweli ni namba pamoja na yale unayoyajua kuhusu namba hiyo. Siku nikikuambia unyamaze tena kwenye jambo kama hili, usinitii."

"Nisikutii, baba?"

"Hapo tu," alisema haraka. "Kazi za nyumbani utatii."