Lita Moja kwa Dereva

Gari liliacha njia saa nane mchana, na Bi Hakiki aliona kwa macho yake. Haikuwa kupotea. Alama za magurudumu zilinyooka mbele yao kwenye changarawe, na upande wa kulia yalisimama mapipa yaliyopakwa chokaa ili msafiri ajue aelekee wapi. Dereva alipunguza mwendo, akatupa jicho kwenye kioo cha pembeni, kisha akakata kushoto, jangwa tupu.

"Mapipa yako kulia," Bi Hakiki alisema.

"Huko mchanga umeziba, mama. Tunazunguka kidogo tu, tutaikuta njia mbele."

"Huo mchanga umeuona wapi?"

Dereva alikaza mikono kwenye usukani, akaongeza mwendo.

Jina la Hakiki alipewa ofisini. Miaka thelathini na mmoja alikaa masijala ya ardhi, chumba cha feni moja na makabati ya chuma mpaka darini, akipokea hati za watu na kuzisoma mara mbili mbili. Saini iliyotetemeka, muhuri uliokaa upande, tarehe iliyoangukia Jumapili, hakuna kilichompita. Siku ya kumuaga, wenzake walimletea keki iliyoandikwa "Imehakikiwa", wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Kicheko kilikatika alipowaambia kwamba anakwenda kuzunguka nchi sita kwa barabara, peke yake. Mwanawe wa kwanza alimuuliza taratibu kama kuna mtu amemlaghai. Hakuna aliyemlaghai. Safari hiyo aliipanga miaka miwili kwenye meza ya chakula, kila mpaka na saa zake za kufunguliwa, kila hospitali na umbali wake. Nchi tatu zilipita bila hata mkwaruzo. Ambacho hakukipanga ni basi la jangwani kuharibika siku ileile aliyokusudia kulipanda, na yeye kujikuta ndani ya pikapu ya mtu asiyemjua.

Tena machale yalianza kumcheza mapema. Kabla ya kuondoka dereva alipigiwa simu, akaenda kuongelea nyuma ya ukuta. Na abiria wa pili, mzee mwembamba aliyejitambulisha kuwa muuza miwani, alilipakata begi lake jeusi kama mtoto mchanga. Lilikuwa na kufuli. Hata waliposimama kujisaidia, alikwenda nalo. Muuza miwani gani huyo, alijiuliza, anayekwenda haja na bidhaa zake?

Kishindo kilikuja kutoka chini ya miguu yao. Gari liliruka, likatua, likaendelea hatua kama mia mbili likinguruma vibaya, kisha injini ikakaba na kunyamaza. Dereva aliingia chini ya gari. Alipotoka, mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni.

"Jiwe limetoboa sampu. Oili yote imemwagika."

"Inatengenezeka?" muuza miwani aliuliza.

"Hapa? Hapana, mzee. Injini imeshaungua."

Simu haikuwa na mtandao. Walikuwa na dumu moja la maji la lita kumi, lililobaki nusu, chupa ya Bi Hakiki ya lita tatu na nyingine ya lita moja, mikate miwili na pakiti ya biskuti. Jua lilikuwa bado kali kiasi cha kuunguza mkono ulioshika bati. Walitandika turubai ubavuni mwa gari, wakakaa kivulini, kila mmoja akipiga hesabu zake.

Alfajiri dereva alivaa viatu. "Njia haizidi kilomita kumi na tano. Nikiondoka sasa, nitafika kabla jua halijachachamaa. Ninyi msiondoke kwenye gari, hata iweje. Mama, naomba ile chupa kubwa."

Bi Hakiki alizishika zote mbili. Alimtazama usoni kama alivyozoea kuwatazama watu wa dirishani pale masijala. Huyu ndiye aliyeacha njia. Huyu ndiye aliyejificha na simu. Sasa anataka maji ya siku nzima, na anasisitiza wabaki hapahapa wasitikisike. Kama kuna wenzake wanaomngoja nyuma ya vile vilima, si ndiko atakakokwenda moja kwa moja?

"Hii inatosha kilomita kumi na tano," alisema, akampa ile ndogo.

Dereva aliiangalia chupa, akamwangalia yeye. Aliitia kwapani, akaondoka. Walimtazama mpaka akawa kidoa, kisha changarawe ikammeza.

Siku ile ilikuwa ndefu kupita zote alizowahi kuishi. Upepo ulikuwa wa moto, midomo ilipasuka, ulimi ukawa mzito kama kipande cha ngozi. Kila saa mbili walikunywa kikombe kimoja kimoja, naye ndiye aliyemimina. Chupa kubwa iliisha kabla ya saa kumi. Ndipo alipochukua kalamu, akachora mstari kwenye dumu usawa wa maji.

Muuza miwani aliuona mkono wake ukichora. "Unaniwekea alama, mama?"

"Nayawekea maji."

"Mimi ndiye ninayeyanywa pamoja nawe. Sasa hiyo alama ni ya nani?"

Bi Hakiki alifunika kalamu. Giza lilipoingia alilikokota dumu mpaka chini ya gari, upande wake, akaliweka karibu na kichwa chake na kulikumbatia kwa mkono mmoja. Huyo mtu akitaka kuiba, ataanza na mimi, alijisemea.

Kulipopambazuka, maji yalikuwa yameshuka vidole sita chini ya mstari.

Alitoka mvunguni. "Umekunywa."

Muuza miwani alikuwa amekaa na begi lake mapajani. Aliinamisha kichwa. "Kikombe kimoja. Ulikuwa umesinzia. Kimoja tu, mama, nakula yamini."

"Vidole sita hivi ni kikombe kimoja? Unaniuzia mbuzi kwenye gunia?"

"Kimoja. Hayo mengine siyajui."

Alilivuta dumu aoneshe ushahidi wake, na kiganja chake kikagusa mchanga. Ulikuwa baridi. Ulikuwa umelowa. Alipiga magoti, akapapasa, akaikuta ncha ya jiwe jembamba iliyotokeza mchangani, palepale alipoliweka dumu. Kwenye kitako cha dumu palikuwa na tundu dogo la kuingia sindano, na tone lilikuwa likining'inia hapo. Kumbe alipokuwa akimchunga mtu, maji yalikuwa yakienda zake chini ya shavu lake.

Alilipindua dumu haraka, tundu likaelekea juu. Angeweza kukaa kimya, naye yule mzee angeamini kwamba dumu lilipasuka kwa joto.

"Ni mimi," alisema mwishowe. "Nimelitoboa mimi, kwa kulificha usilifikie."

Muuza miwani aliligusa tundu kwa kidole. "Yamebaki mangapi?"

"Lita mbili. Labda na nusu."

"Basi tufikirie hizo," alisema, akachana kipande cha mfuko wa biskuti na kukikandamiza juu ya tundu.

Bi Hakiki alipanda juu ya boneti kutazama upande aliokwenda dereva. Alitazama mpaka macho yakamwasha. Mbali, kwenye mgongo wa kilima cha mawe, kitu cheupe kilikuwa kikipepea. Si karatasi, maana kilipepea mahali pamoja.

"Mzee, wewe ndiye mwenye miwani. Kile ni nini?"

Muuza miwani alipanda naye akakunja uso. "Shati."

Roho ya Bi Hakiki ilimwambia ni mtego. Kwa nini mtu aliyefika njiani aache shati kilimani? Na kama hakufika, mbona halikuwapo jana? Aliyageuza maswali hayo kama alivyogeuza hati, pande zote mbili, na kila alipogeuza alikutana na chupa ile ndogo. Alishuka. Walikunja turubai, wakachukua dumu, wakaanza kutembea kabla jua halijapanda.

Walimkuta chini ya mwamba, kifua wazi. Shati lake alikuwa amelifunga kwenye fimbo asubuhi ile baada ya kutambaa usiku kucha. Kifundo cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimevimba na kugeukia ndani. Chupa ilikuwa mkononi mwake, tupu.

Bi Hakiki alimnyanyua kichwa, akamtilia maji kidogokidogo. Mwanzo yalitoka pembeni mwa mdomo. Baadaye koo likaanza kumeza.

"Yaliisha saa tano," dereva alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Njia ilikuwa mbali kuliko nilivyodhani. Nikaona nirudi kuchukua mengine. Nyuma ya kilima hiki nikakanyaga jiwe bovu."

"Ningekupa ile kubwa ungefika."

"Ndiyo."

"Nilikupa ndogo makusudi. Niliogopa unatukimbia."

"Najua, mama. Nilikuona unachagua." Alifumba macho. "Ningekuwa wewe ningeogopa pia. Hakukuwa na mchanga kule. Kulikuwa na kizuizi cha polisi, na leseni yangu imekwisha tangu mwaka jana. Ndugu yangu alinipigia kunionya. Nikasema nizunguke."

Kwa hiyo hakukosea kumshuku. Dereva alisema uongo, naye Bi Hakiki aliunusa uongo huo toka dakika ya kwanza. Lakini kifundo kile kilichovimba kilikuwa mbele yake, wala hakikupungua kwa sababu yeye alikuwa sahihi.

"Alfajiri nimesikia mashine," dereva aliendelea. "Greda la kusawazisha njia. Upande ule. Nimepiga kelele, sauti haikutoka. Huwa wanarudi adhuhuri. Mkichoma tairi la spea, wataona moshi."

Walimlaza juu ya turubai na kuanza kumburuta. Hatua ishirini, pumzi. Hatua ishirini, pumzi. Mikono ya Bi Hakiki ilichubuka, ngozi ya viganja ikafunguka na kushikana na turubai. Muuza miwani alianguka mara mbili, na mara zote mbili aliinuka akalishika turubai tena. Kilomita mbili ziliwachukua saa tatu. Walipolifikia gari, walikunywa kikombe kilichobaki kwa kupokezana, na dumu likalia tupu.

Waliliviringisha tairi mbali na gari, wakalijaza matambara yaliyolowa petroli. Hapo ndipo dereva alipokumbuka kwamba kiberiti chake kilidondoka kilimani.

Muuza miwani alichukua begi lake. Alitoa ufunguo uliofungwa kwa uzi shingoni, akafungua kufuli. Ndani kulikuwa na fremu zilizopangwa kwa safu, na sanduku bapa la vioo vya kupimia macho, kila kimoja kwenye tundu lake.

"Sanduku hili likiibiwa, kazi yangu imekwisha," alisema, kama aliyeulizwa. "Sipati jingine katika umri huu."

Alichagua kioo kinene kuliko vyote, akakiinamisha juani. Nukta nyeupe ilitua kwenye tambara. Mkono wake ulitetemeka mno, nukta ikawa inahama. Bi Hakiki aliukamata kwa mikono yake miwili yenye damu, akaushikilia pale. Walikaa hivyo, vichwa vikikaribia kugusana, mpaka tambara likatoa uzi wa moshi, likawa jeusi, kisha likalipuka moto.

Moshi ulipanda mweusi na mnene. Hawakuusikia mngurumo kwa muda mrefu. Walipousikia, hakuna aliyeshangilia. Muuza miwani aliketi chini na kulia kimyakimya, na Bi Hakiki akaendelea kumpepea dereva kwa pakiti tupu ya biskuti, kana kwamba akiacha, mashine nayo itasimama.

Watu wa greda waliwafikisha mjini jioni. Zahanati ilikuwa na vitanda vinne na muuguzi mmoja, aliyewafunga viganja na kumtia dereva bandeji ya plasta mpaka gotini. Muuza miwani aliondoka baada ya siku mbili. Kabla ya kwenda alimpima macho Bi Hakiki, akamwachia miwani ya kusomea na kumwambia ile aliyokuwa akivaa ilikwisha muda wake zamani.

Mwanawe alipiga simu siku hiyohiyo. Alikuwa ameshatafuta ndege ya kumrudisha nyumbani.

"Siji sasa," Bi Hakiki alisema. "Nikitoka hapa ninaendelea. Nchi ya tano nimeifuta, siku zake nazitumia hapa."

"Hapo kuna nini, mama?"

"Kuna mtu kitandani. Hana ndugu mji huu. Mimi ndiye ninayempelekea uji na kumsaidia kufika msalani."

Mwanawe aliuliza kwa sauti ile ya taratibu, sauti ya kumuuliza kama amelaghaiwa. "Ni mtu gani huyo? Unamfahamu?"

Bi Hakiki aliangalia ndani kupitia mlango uliokuwa wazi. Dereva alikuwa amejipindua anatafuta kikombe.

"Ni dereva," alisema. "Hana leseni. Subiri kidogo, mwanangu, anataka maji."