Namba Ndani ya Pete

Kila siku baada ya masomo, Hadubini alipita kwanza kwenye karakana ya shangazi yake kumwamkia. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa darasa la sita kwa ajili ya kioo cha kukuzia alichotembea nacho mfukoni. Hakikupita kitu cha kung'aa mbele yake bila kukaguliwa. Vijiko vya jikoni shuleni alishavipindua vyote akavisoma, na mpishi alishamfukuza kwa mwiko mara mbili.

Shangazi alikuwa sonara. Alishinda ameinama mezani, taa karibu na pua, akiunga mikufu na kunyoosha hereni zilizokaliwa na wenyewe. Ndiye aliyemfundisha Hadubini kwamba ndani ya pete, nyuma ya kijiko na kwenye kifungo cha mkufu hupigwa namba ndogo ya kuonyesha usafi wa madini. Siku aliyofundishwa hayo, somo lilipofika katikati, mwanafunzi akaona ameshaelewa, akaaga na kuchomoka mbio. Tangu hapo alijiona bingwa.

Sasa, bibi yake alikuwa amevua na kumvisha yeye pete aliyoivaa tangu siku ya harusi yake. Ilikuwa nyembamba, ya manjano yaliyofifia, na ndani ilipigwa 375. Hadubini aliisoma mara tatu, akasononeka. Rafiki yake Twiga, msichana mrefu kuliko mwalimu wao, alikuwa na bangili pana nyeupe iliyometameta kama sufuria mpya, nayo iliandikwa 925. Hadubini akapiga hesabu zake kimoyomoyo, na Alhamisi, wakati wa mapumziko, akamwomba Twiga wabadilishane.

Twiga alikubali upesi. Habari za namba Hadubini hakuzigusia kabisa. Wasichana hao walikuwa chanda na pete tangu darasa la kwanza, na Hadubini alipokuwa akiivaa ile bangili alihisi haya kidogo, lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi. Jioni hiyo aliingia karakana akiwa ametanguliza mkono.

Shangazi aliitazama bangili, akauliza imetoka wapi. Hadubini akamsimulia jinsi alivyotoa mia tatu sabini na tano akapata mia tisa ishirini na tano.

"Mia tisa ishirini na tano ya nini?" shangazi akauliza.

Hadubini akaigeuza bangili, akaisoma namba upya. Hilo ndilo lililokuwa kwenye ile nusu ya somo aliyoikimbia.

Shangazi akaweka koleo chini. Alimweleza kwamba kila kitu hugawanywa katika sehemu elfu moja, na namba hutaja ni sehemu ngapi zilizo madini yenyewe. Bangili ilikuwa na sehemu 925 za fedha, zilizobaki ni shaba. Pete ilikuwa na sehemu 375 tu, lakini hizo ni za dhahabu.

"Ukiniletea chumvi safi isiyo na hata punje ya mchanga, itakuwa sukari?" akauliza. "Dhahabu kidogo ya pete ile inaipita kwa bei fedha yote uliyovaa hapo. Na bibi yako anakuja Jumapili."

Hadubini hakuifikiria bei tena. Alikiona kile kidole cha bibi, na alama nyeupe iliyobaki pale pete ilipokuwa. Akasema atakwenda kuidai mara moja.

"Subiri," shangazi akasema. "Ulipobadilishana, mwenzio ulimwambia namba?"

Hadubini akainama. Akakiri kwamba alinyamaza, kwa kuwa alidhani anampunja. Shangazi hakumfokea. Alimwambia tu aende akayaseme yote, namba pamoja na hilo alilolificha moyoni, kisha Twiga aamue mwenyewe.

Safari ya kwenda kwa akina Twiga haikuwahi kuwa ndefu namna ile. Alimkuta barazani anamenya viazi, akayamwaga yote kwa pumzi moja kabla ujasiri haujamtoka. Twiga akaweka kisu chini. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa.

"Na mimi sikukwambia kitu," akasema. "Bangili hiyo inageuka nyeusi. Kila Ijumaa naisugua kwa dawa ya meno mpaka bega linauma. Ulipoitaka nikasema haya, mzigo umepata mbebaji."

Wakarudishiana vitu, wakarudi karakana pamoja, kila mmoja na chake. Shangazi aliifuta bangili kwa kitambaa, akamweleza Twiga kwamba fedha ya kweli hufifia na kuwa nyeusi ikikaa hewani. Ule weusi ambao Twiga aliudhani ni ubovu ulikuwa kawaida ya fedha. Akaviweka vyote viwili mezani chini ya taa.

"Pete hii imeandikwa 375, na ndani yake mna 375," akasema. "Haikujiongezea hata moja ili ipendwe. Bangili nayo ni vivyo hivyo. Vyuma vimesema kweli tupu. Waliokuwa wanaficha ni ninyi wawili, na kila mmoja alidhani anampunja mwenzake. Siku nyingine mkibadilishana kitu, semeni kwanza yote mnayoyajua. Na msilolijua, ulizeni, halafu mkae mpaka somo liishe."

Jumapili bibi alifika, na kabla hajaulizwa, Hadubini alimsimulia kisa kizima. Bibi alisikiliza, akaomba asomewe namba. Hadubini akatoa kioo chake, akasoma polepole, akaongeza neno dhahabu bila kuulizwa.

"Miaka arobaini na miwili nimeivaa," bibi akasema, "na babu yako aliniapia kwamba ni dhahabu tupu." Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akamvisha mjukuu wake pete kwa mara ya pili.