Ua la Wifi

Giza lilikuwa linaanza kuingia fundi alipoacha cherehani na kuchota kikombe cha maji ya ua la wifi yake. Ndiyo kazi ya kila jioni. Maji yawekwe kwenye kisahani, si juu ya chungu.

"Na udongo usiuguse," wifi alisisitiza siku alipolileta na kuliweka dirishani, juu ya kitanda cha mtoto. "Nakuomba, wifi yangu."

Yangu! Wawili hao hawapikiki chungu kimoja, leo zawadi imetoka wapi?

Tena ua lenyewe halikuwa na haya. Jua halipati, mbolea halijaionja, lakini lilichanua maua mekundu tu, matano, saba... Na binti yake wa miaka sita, ambaye kikohozi alikuwa nacho tangu zamani, sasa hakuinuka tena kitandani.

Jioni hiyo ua la nane lilifunguka. Mtoto akakohoa mara nane.

Fundi alihesabu.

Kikulacho ki nguoni mwako! Akakipindua chungu, akakigonga kitako, mmea ukatoka na udongo wake. Ulinuka dawa ya kikohozi, ileile aliyokuwa akimnywesha mtoto. Katikati ya mizizi kulikuwa na nywele za mtoto, zimefungwa kwa uzi mweusi wa cherehani yake mwenyewe.

Hasira zikampanda. Akachukua mkasi.

Kacha!

Kikohozi kikakoma papo hapo. Kwa furaha nusura apige vigelegele. Akampigia wifi simu.

"Nimeukata uzi wako, mchawi wee! Mwanangu kapona!"

Kisha akasikia kilio.

"Umeukata?" wifi alinong'ona. "Kuna kitu kilikuwa kinakuja kumchukua kila jioni. Nilimfunga asiondoke... Ningekwambia, ungeniamini mimi?"

"Kitu gani?"

"Mwangalie mtoto, wifi."

Alikuwa amelala chali, macho wazi, kifua kikipanda na kushuka. Fundi akamwita. Akamtikisa. Mtoto hakugeuza hata jicho.

Ndipo kikohozi kikasikika tena.

Nje. Chini ya dirisha.

Kisha getini...

Kisha mwisho wa mtaa, sambamba na nyayo nzito za mtu asiye na haraka.

Fundi akaangusha simu. Akapiga magoti gizani, akaanza kupapasa sakafu kwa mikono miwili, akiutafuta ule uzi.