Vidonge Viwili vya Kwenda Ukweni

Lifti ya jengo lile la maduka na ofisi ilikwama saa ya chakula cha mchana, saa ambayo kila mtu ana njaa na hakuna mwenye subira. Ndani walibanana kama njiti kwenye kiberiti. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa msusi wa ghorofa ya tatu, binti wa gauni la kijani kibichi, chanuo limechomekwa kwenye nywele, kiatu kimoja mkononi, anaupiga mlango kama anadai haki yake.

"Mtatuua humu! Nina mteja juu, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama ameona jini!"

Sauti ya kiume ikajibu kutoka nje, imetulia tuli. "Dada, huo mlango haujakukosea kitu. Ukiacha kuupiga utafunguka."

"Na wewe nani?"

"Mimi ndiye ninayelaumiwa."

Watu wakacheka. Mlango ukapanuliwa, na msusi akajikuta anamtazama kijana mrefu, koti la kazi la bluu lenye mifuko kila upande, grisi mpaka viwiko, meno meupe yaliyopangika. Kijana akampa mkono, akamvuta juu. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa peremende.

"Shushia hasira."

"Mimi mtoto?"

"Mtoto ningempa mbili."

Msusi alisonya. Lakini peremende aliichukua, na kabla hajafika saluni alikuwa ameshaimaliza na anatabasamu peke yake.

Ndivyo yalivyoanza. Lifti ikawa na ubovu usioisha pale ghorofa ya tatu tu. Wateja wakaanza kuuliza, "Huyu fundi anatengeneza lifti au anatengeneza mke?" Na kila mchana simu iliita.

"Malkia wa ghorofa ya tatu, umekula?"

"Bado, nina kichwa cha mtu mkononi."

"Mimi nimeshakula. Mwenzio sichelewi."

"Wewe na tumbo lako mna mkataba."

"Tena wa kudumu, laazizi."

Msusi alipomletea kipande cha keki siku moja, fundi alimega kidogo kama ndege, akairudisha. Meno, alisema.

"Mfuko umejaa peremende, halafu keki ndiyo inakuumiza meno?"

Fundi alicheka, akageuza maneno. Msusi hakufuatilia. Mtu anayependwa husamehewa vitu vidogo, na vitu vidogo ndivyo vinavyokuja kutuumbua.

Ikafika siku ya kumpeleka kwa mama. Usiku wa kuamkia siku hiyo walizungumza kwenye simu.

"Mama ana sharti moja," msusi alisema huku akicheka. "Anayekataa chakula chake amemkataa yeye. Mchumba wa dada yangu aliacha nusu sahani, mpaka leo mama anamwita Bwana Nusu."

Fundi akauliza, "Kwa hiyo nile kila kitu?"

"Kila kitu, mpenzi. Na usijali, nimeshamwambia hunywi pombe hata tone. Hilo ndilo kubwa kwake. Baba yetu pombe ndiyo iliyomzika."

Fundi alifika amependeza, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, na juu yake koti jipya la kijivu. Mama, katika gauni lake la maua makubwa, alimpokea kwa vigelegele vya nusu sauti, akanyoosha mikono.

"Lete koti, baba. Mkwe hakai na koti kama mlinzi wa zamu."

"Mama, acha tu nibaki nalo..."

"Kwani nyumbani kwangu kuna baridi?"

Koti likavuliwa. Mama akaenda kulitundika kabatini chumbani kwake, na heshima ikawa imekamilika. Mezani palikuwa pamefunikwa sahani hadi ukingoni, nyama, wali, viazi, matunda, na harufu imejaa sebule. Ila hakuna aliyegusa. Lazima shangazi afike, na shangazi kwenye simu alikuwa "njiani kabisa", huku maji ya bafu yakisikika yanamwagika nyuma yake.

Wakangoja. Mazungumzo yakaisha, yakaanza upya, yakaisha tena. Msusi akaona shati la fundi limeganda mgongoni kwa jasho, na ndani ya nyumba hakuna joto. Glasi ya maji ilitetemeka mkononi mwake, maji yakamwagikia zulia.

"Tunakula lini?" fundi aliuliza kwa sauti kubwa, ulimi mzito. "Mama, umetuweka kama mateka."

Mama alimtazama binti yake. Msusi alihisi uso wake unawaka moto.

"Wewe vipi?" alimnong'oneza.

"Koti... nipe koti langu."

"Unataka kuondoka? Kaa, usiniaibishe!"

Mlango ukafunguliwa, shangazi akaingia na manukato yake. Fundi alisimama kumwamkia, akayumba, akashika pazia, na pazia likaja chini pamoja na fimbo yake.

"Shikamoo," fundi aliliambia pazia.

"Mungu wangu!" Shangazi alijipiga mkono kifuani. "Huyu amelewa chakari! Mchana huu! Kwenye nyumba hii!"

Neno lile lilimchoma msusi mahali palepale penye kidonda cha zamani. Peremende! Zile peremende zote! Baba naye mfuko wake haukukosa peremende za kuulia harufu. Kumbe alikuwa anapendwa na marehemu baba yake katika koti la fundi lifti. Alimkamata mkono, akamburuta mpaka mlangoni, akamsukuma kwenye korido.

"Toka! Ulinidanganya machoni! Usinipigie, usinijue!"

Fundi alijaribu kusema kitu. Mlango ulifungwa usoni pake.

Wiki ile msusi alipanda kwa ngazi. Simu ikiita, anaikata. Wateja walitoka saluni wakishika utosi, maana mkono wa mwenye hasira hausuki, unang'oa.

Kisha asubuhi moja mama akaja saluni, koti la kijivu limekunjwa mkononi. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mwanangu, mimi nimeishi na mlevi. Baba yako nilikuwa namnusa angali ngazi ya chini. Huyu kijana alisimama pua kwa pua na mimi, nikanusa sabuni. Sabuni tu! Na jasho lile lilikuwa la baridi, lile la mtu anayeumwa."

"Mama! Sasa si ungesema siku ile?"

"Shangazi yako alikuwa anasema. Umewahi kumsikia mtu mwingine shangazi yako anaposema?" Mama aliweka koti kwenye mapaja ya binti yake. "Tumemfukuza mtu bila kumuuliza hata swali moja. Nenda kamuulize."

Msusi alilishika koti. Mifuko ilikuwa imetuna peremende, zote hazijaguswa.

Alimkuta fundi juu kabisa ya jengo, kwenye chumba cha mashine, anapaka grisi kamba za chuma. Hakugeuka.

"Koti lako."

"Weka hapo."

"Ulikuwa umelewa?"

Hapo akageuka, na macho yake yalikuwa makali kuliko alivyowahi kuyaona. "Leo ndiyo unauliza? Baada ya kunitupa nje kama maji ya kudekia?"

"Nijibu!"

"Nina kisukari. Ile aina ya pili, inayotupata watu wazima. Kila asubuhi nakula, nameza kidonge changu kimoja, naenda kazini. Siku ya kwenu nilimeza viwili."

"Viwili? Kwa nini?"

"Ili nile kila kitakachowekwa mezani! Niliona nikiongeza dawa, nitakuwa nimelipia chakula mapema. Tena sikugusa hata kifungua kinywa, nikaacha nafasi. Sikutaka kuitwa Bwana Nusu."

Msusi alibaki mdomo wazi. "Ulitaka kufa kwa ajili ya wali wa mama yangu?"

"Nilitaka kuoa!" Sauti yake iligonga kuta. "Shangazi akachelewa, sukari ikashuka. Kichwa kikaondoka, ulimi ukaondoka. Peremende ninazobeba kwa ajili ya saa kama ile ziko kwenye koti, na koti liko kabatini kwa mama mkwe. Unajua nani aliniokoa? Yule mama wa duka la pale chini kwenu. Aliniona nimekumbatia ukuta, hakuniuliza nimekunywa wapi. Aliniuliza, 'Mwanangu, unaumwa nini?' Akaninywesha soda ya sukari, akanipa mkate. Mtu baki! Wewe unayeniita mpenzi, ulinisukuma kwenye korido!"

Machozi ya msusi yalitoka, lakini yalikuwa ya moto. "Na mimi ningejuaje? Tangu siku ya kwanza unanigawia peremende, ukashindwa kunigawia neno moja! Ungeanguka pale, tukakumwagia maji ya kuondoa ulevi mpaka ukafa, ningemlilia nani? Ningejua lini?"

Fundi alifuta mikono kwenye kitambaa, taratibu. "Nilishawahi kusema. Kwa binti niliyemchumbia kabla. Kesho yake kwao wakatuma jibu, hawakumlea binti yao aje kuwa muuguzi wa mume."

"Na mimi ni wao?"

Fundi akainama, akaokota kopo la grisi.

"Nakuuliza! Mimi ni wao?"

"Hapana."

"Basi usinihukumu kwa kesi ya watu wengine."

"Nawe ulinihukumu kwa kesi ya baba yako."

Mashine ikaanza kuvuma, kamba zikapita, lifti ikapanda na watu wake wasiojua kitu. Msusi alijifuta uso kwa mkono wa koti la kijivu.

"Daktari amesemaje?"

"Sijaenda."

"Hujaenda?" Hasira ikamrudia, sasa imepata kazi ya kufanya. "Weka chini hilo kopo la grisi. Twende. Sasa hivi!"

Daktari alikuwa mwanamama mwembamba wa miwani, na aliposikia habari ya vidonge viwili alivua miwani yenyewe.

"Nani alikwambia kidonge ni kibali cha kula?" alifoka. "Hii dawa yako inashusha sukari, ule usile. Ndiyo maana unaimeza na chakula, kiasi kilekile nilichokuandikia. Ukisahau leo, kesho usimeze mara mbili kufidia. Na siku ukiharibu namna ile, unakuja hapa siku hiyohiyo, kwa sababu sukari inaweza kushuka tena hata baada ya soda. Bahati yako haina akili, lakini ni nzuri."

Fundi aliinamisha kichwa. Msusi akasogeza kiti.

"Daktari, nitajuaje imeshuka?"

"Atatetemeka, jasho la baridi, njaa, maneno hayaeleweki, hasira zisizo na sababu. Watu husema amelewa."

Msusi alikumbuka pazia lililoanguka. "Nifanyeje?"

"Kama anaweza kumeza, mpe haraka kitu chenye sukari, kisha chakula. Akizimia, usimtie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na wewe," alimgeukia fundi, "acha kuficha. Peremende mfukoni haisaidii kama mwenye mfuko ndiye peke yake anayejua."

Walitoka nje bila kushikana mikono. Kwenye kona ya barabara, katikati ya honi na wachuuzi, fundi akasema, "Nisamehe kwa kunyamaza."

"Nisamehe kwa kusukuma." Kisha akamtia kiwiko cha mbavu. "Eti umelipia chakula mapema! Hesabu hiyo ulisomea wapi?"

Na fundi, kwa mara ya kwanza tangu siku ya pazia, akacheka.

Mama alipoelezwa, aliwaka kuliko wote. "Chakula changu! Nimpikie mtu kwa mapenzi, kumbe namsogezea kaburi? Na huyo mtu ananyamaza? Mlete! Mlete nimwambie!"

Akaletwa. Mara hii mama alinyoosha mikono kupokea koti, kisha akairudisha haraka.

"Hapana. Kaa nalo, baba. Hata ukitaka lala nalo."

Chakula kilipoiva, shangazi alipiga simu kusema yupo njiani kabisa.

"Utakuta masufuria," mama akamjibu, akakata, akapakua. Sahani ya fundi ilikuwa na mboga nyingi, nyama, na kilima kidogo cha wali. Mama aliketi mbele yake kama msimamizi wa mtihani. "Asubuhi ulimeza?"

"Ndiyo, mama."

"Vingapi?"

"Kimoja."

"Na chakula?"

"Na chakula."

"Haya, kula. Ukishiba acha, wala sitakuita jina."

Fundi alikula taratibu, akashiba, akaacha wali kidogo. Msusi alimwona mama anautazama ule wali, anafungua mdomo, anaufunga. Aliona jinsi ilivyomgharimu.

Kisha fundi akatia mkono kwenye koti, akatoa peremende, mkono mzima, akaziweka mbele ya msusi, karibu na glasi yake. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka kidogo, na msusi akainuka nusu kutoka kitini.

"Unajisikiaje? Imeshuka?"

"Haijashuka. Huu ni woga tu." Akavuta pumzi. "Nimezibeba peke yangu muda mrefu. Naomba nusu ukae nazo wewe. Kwenye mkoba wako, saluni, na kwenye nyumba tutakayokaa. Kila siku, kama ninavyomeza dawa."

Msusi alizitazama. Alitaka kujibu kitu kitamu, lakini ikatoka hasira yake ileile, imelowa machozi.

"Nitazibeba. Lakini siku ukinificha kitu tena, nitakufungia kwenye hiyo lifti yako na ufunguo niutupe."

"Mimi ndiye fundi, nitatoka."

"Nitakuwa humo ndani na wewe. Utatokaje?"

Mama alipiga meza, sahani zikaruka. "Ngojeni kwanza! Hii ndiyo posa? Peremende? Binti yangu anaposwa kwa peremende, tena mbele ya vyombo vichafu? Leteni wazee! Leteni watu wanaojua kusema!"

Lakini alikuwa anafuta macho kwa ncha ya gauni. Na msusi, bila kungoja wazee, alikuwa ameshafungua mkoba wake, anaingiza peremende moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. Hiyo aliimenya, akaitia mdomoni mwake mwenyewe.

"Hii ni ya kushushia hasira," akasema.