Mke Mwenza wa Marumaru

Asubuhi hiyo jiwe lilikuwa na joto. Mbuke alikuwa hajawasha jiko, na jua halijafika dirishani, lakini alipoweka kiganja juu ya kaunta ya jikoni alihisi joto la godoro ambalo mtu ametoka kulilalia.

Alinusa. Asumini. Nyumba yao ya Kibaoni haikuwa na mafuta ya asumini.

Kaunta hiyo ya marumaru nyeupe, yenye mishipa ya kijivu, mumewe Donati aliitoa kwenye nyumba ya zamani iliyobomolewa huko kwenye mashamba ya miwa, alikokuwa dereva wa trekta. Aliipachika mwenyewe, akamfundisha Mbuke kuitunza: maji ya vuguvugu, matone ya sabuni, kitambaa laini, kisha kuikausha. Sufuria ya moto isiguse. Majivu yasiguse.

"Na ndimu usithubutu," alisema. "Jiwe hili linaliwa na ndimu."

"Mimi nina miaka tisa humu ndani," Mbuke alijibu, "na hujawahi kuuliza naliwa na nini."

Wakati ule Donati alicheka. Siku hizi alikuwa akiamka kabla yake, akilifuta jiwe taratibu kama anayemkanda mzazi, na chai aliyotengewa ikapoa mezani. Alfajiri moja Mbuke alimkuta amelaza shavu juu ya kaunta, amefumba macho.

"Baba Makoye, unafanya nini?"

"Sema polepole," alinong'ona. "Amelala."



Mbuke angeogopa, lakini wivu ulimtangulia. Angekuwa mwanamke wa mtaani angemfuata kwake, wakamalizana. Huyu alikuwa jikoni mwake, na ndiye aliyekuwa akimchukulia mume.

Donati alipokwenda kazini, Mbuke akapanga perege wa Mofu juu ya jiwe tupu, akawapaa magamba, kisha akafanya kama afanyavyo kila mwanamke anayetaka kuondoa shombo: akakata ndimu sita, akachota majivu, akasugua.

"Leo tujue jiko hili ni la nani," alisema.

Maji ya ndimu yalianza kutoa povu dogo dogo, yakichachatika kama mafuta kwenye kikaango, na harufu ya asumini ikapanda juu ya shombo, na Mbuke, aliyetaka kuacha lakini mkono wake ukaendelea kusugua, alihisi jiwe likinywea chini ya vidole vyake kama mtu anavyonywea kidonda cha mgongoni kinapoguswa, kisha ikatoka humo sauti ya mwanamke, ya chini, isiyo na hasira hata kidogo.

"Mke mwenzangu, unatuunguza."

Mchana wenzake Donati walimleta amelala kifudifudi. Mgongo wake ulikuwa umechubuka, mweupe na mkavu, wenye mabaka ya mviringo yaliyotoshana na nusu ya ndimu.

Bibi Odilia, mganga wa Michenga, alifika jioni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Aliweka sikio kwenye jiwe, kisha akaanza kufunga mkoba wake.

"Wameshaoana. Ngozi ya mumeo na ngozi ya jiwe hili sasa ni moja. Ukilivunja, unamvunja yeye."

"Nifanye nini, bibi?"

"Mtunze mke mwenzio," alisema mganga, bila kumtazama usoni. "Kwa mkono laini. Atajua kama unajilazimisha."

Kwa hiyo Mbuke huchemsha maji, akayaacha yapoe yawe ya vuguvugu, akadondosha sabuni, akalifuta jiwe kwa kanga yake ya harusi, kwa kuwa hana kitambaa laini kuliko hicho. Mgongo wa Donati unapona. Kila asubuhi kanga inapopita juu ya marumaru, Donati, akiwa amelala chumbani, hushusha pumzi ya raha na kuita jina la mwanamke, na jina hilo si Mbuke.