Bakuli la Montesordo

Maziwa ya chai yalikwisha, na Mahfudha hakuwa mtu wa kukaa jioni bila chai, hata angepelekwa mwisho wa dunia. Akajitanda mtandio, akashuka ngazi za mawe kwenda dukani. Jua lilikuwa likizama nyuma ya mashamba ya mizabibu, na mji mzima wa Montesordo ulinuka zabibu zilizokamuliwa. Ulikuwa msimu wa mavuno. Kila pipa wazi, kila mfereji unatoa harufu ya mvinyo. Hewa yenyewe ilikuwa haramu. Mtu ukivuta pumzi mbili tatu, unajiuliza kama udhu wako bado upo.

Na upole wa Waitaliano wa kilima kile, nakwambia, haujapata kuonekana. Konokono wao ukimtia kwenye barabara kuu ya Houston, kule Marekani anakokaa Mahfudha, atadhani kiama kimefika. Mtu wa Houston ukimtia kwao atadhani saa yake imekufa. Mwenye duka, mzee wa masharubu, alifungua friji kama anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Akatoa chupa ya maziwa, akaipangusa. Kisha, bila kuombwa, akachukua karatasi na kuanza kufunga vipande vya keki.

Kimoja. Cha pili. Cha tatu.

Mahfudha akainua vidole viwili. Hesabu ya Kitaliano mumewe alikuwa amemfundisha ndani ya ndege. "Due," akasema.

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Akaonyesha kwa kidole nyumba ya juu waliyofikia, halafu akainua vidole vitatu.

Hofu haikumjia Mahfudha, bado. Kilichomjia kilikuwa moto kifuani. Kumbe mji mzima wanamjua mwanamke yule.

Maana huyo ndiye aliyemleta. Wengine huenda Italia kutazama milima, Mahfudha alikwenda kutafuta mwanamke. Mumewe, Zaki, alikuwa na duka la vigae Houston, na kila Septemba alisafiri peke yake kwenda kununua vigae vya udongo kwenye kiwanda cha bondeni. Akishamaliza, hubaki Montesordo siku chache. "Kupumzisha akili," husema. Akirudi nyumbani kwao Katy, pembeni ya Houston, huwa laini kama aliyetoka kwa kinyozi, anaimba bafuni, hagombi hata na foleni. Na koti lake linanuka kilua.

Kilua, ua lile la harufu tamu linalotiwa kwenye kikuba, kishada cha maua cha bibi harusi, huko Unguja walikotoka wote wawili. Italia kilua kinatoka wapi? Na nani anayekivaa?

"Sabuni ya hoteli," Zaki alimjibu mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili hakujibu kabisa. Mahfudha alilinusa koti lile kabatini mpaka akawa anajifungia nalo. Ilipofika mwaka 2003 akasema, "Safari hii tunakwenda wawili."

"Utachoka, bibie. Kule watu wanakaa tu, wanatazama mlima."

"Nitautazama nao."

Kabla ya safari aliendesha gari kutoka Katy mpaka Haltom City, kule karibu na Fort Worth, kwa Annonciata, mama wa Kikongo anayesuka nywele sebuleni kwake na kuuza vitenge. Kwa wanaojua kuuliza, huuza na vingine. Mahfudha alijua kuuliza. Akapewa unga wa kahawia ndani ya kikopo cha filamu ya kamera. Limbwata, dawa ya mapenzi. Anayelishwa haoni mwingine tena.

"Mama, hii dawa haichague mutu," Annonciata alimnong'oneza huku akimkaza nywele. "Ule atakula, ni ye atakufuata. Hata ukimufukuza. Hakuna kurudisha."

"Ndivyo ninavyotaka."

"Bote banasemaka vile," akasema Annonciata, akashika rasta nyingine.

Basi Mahfudha akapanda ngazi na maziwa yake na keki zake tatu, kikopo kimo ndani ya mkoba. Mezani alikuta chakula kimekwisha kupakuliwa. Mwenye nyumba, Bi Ortensia, kibibi cha Kizungu chenye mgongo uliopinda, alizaliwa Barawa, pwani ya Somalia, enzi Waitaliano wanatawala, akalelewa na yaya wa kule. Kiswahili chake kilikuwa cha kale, na alikitoa kwa tabu, kama mtu anayetoa vyombo vya wageni kabatini.

Mabakuli ya supu yalikuwa matatu. Mawili wazi. La tatu limefunikwa kwa sahani, na juu yake kitambaa cheupe.

"Bi Ortensia, mbona matatu?"

"Wageni watatu."

"Sisi tuko wawili."

"Wewe na bwana, wawili. Na mke wa bwana."

"Mke wa bwana ni mimi."

Bi Ortensia akamtazama kuanzia mtandio mpaka viatu. Hakuwa na ubaya machoni. "Basi wewe wa pili," akasema. "Usiwe na neno, mwanangu. Yeye hana kelele."

Akaingia jikoni kukata mkate, na mkate wa kule usiudharau, kuukata ni kazi ya seremala. Juu, mbao za sakafu zililia. Zaki alikuwa akimaliza sala ya magharibi.

Mahfudha hakuwa na muda. Mwanamke huyo anakuja, tena anakuja kula, mezani pamoja nao, bila haya. Sawa. Atakuta mume amekwisha kufungwa.

Bakuli la Zaki ni lipi? Hilo halikuhitaji kufikiriwa. Kwao, mwanamume asipokuwa amefika, chakula chake hufunikwa. Mama yake alifunika cha baba yake, yeye humfunikia Zaki kila akichelewa kufunga duka. Kilichofunikwa ni cha mume.

Akafunua. Akamimina unga wote. Akakoroga kwa kidole, akakifuta, akafunika.

Zaki akashuka, nywele zimechanwa, kola imenyooshwa. Akavuta kiti, akakaa mbele ya bakuli lililo wazi.

"Lako ni hili hapa," Mahfudha akasema.

"Hilo si langu."

"La nani?"

"Kula, bibie. Supu inapoa."

"La nani, Zaki?"

Akainama, sauti ikashuka. "Usilifunue tu. Nakuomba."

Halafu ikaja ile harufu.

Haikupita mlangoni, wala dirishani. Ilitokea pale pale, juu ya kiti kitupu ubavuni kwa Zaki. Ikazimeza zabibu, ikaumeza mvinyo wa mji mzima.

Kilua.

Na chini ya sahani ile, ndani ya bakuli, kijiko kikaanza kugonga udongo. Ti... ti... ti. Taratibu, kama mtu aliyefundwa adabu ya mezani.

Bakuli halikuwa na kijiko.

Mahfudha alitaka kupiga kelele, lakini macho yake yalikwama usoni kwa mumewe. Zaki alikuwa akikitazama kiti kitupu na kutabasamu. Tabasamu lile yeye aliliona mara ya mwisho siku za fungate, akadhani limekwisha, akadhani wanaume wote huishiwa nalo. Kumbe limewekwa akiba huku. Vinyweleo vilimsimama kwa woga, lakini wivu ulimuuma zaidi.

Ti... ti...

Kimya.

Tabasamu la Zaki likazimika. Akanusa hewa. Akapapasa kiti cha ubavuni kwake kama kipofu aliyeangusha fimbo.

"Umefanya nini?" akanong'ona.

Kiti kikaburuzika. Peke yake. Kikaizunguka meza polepole, miguu ikikwaruza vigae, kikapita nyuma ya Zaki bila kusimama, kikaja mpaka kikagusana na cha Mahfudha. Kisha kitu baridi kikatua begani kwake.

Uzito wa kichwa cha mtu.

Bi Ortensia akaingia na mkate. Aliona kiti kilipo, akaweka mkate chini, akafunua bakuli. Lilikuwa jeupe, limerambwa.

"Umemtilia nini?"

Mahfudha akakitoa kikopo kitupu mkobani, akakiweka mezani. Kibibi akakaa, akaeleza kwa maneno machache, huku akikitazama kiti. Walipohama Barawa walifunga sanduku la nguo la mama yake. Hawakujua kwamba ndani ya sanduku mna mtu. Alikuwa nani, alikufa au hakufa, yeye hajui, yaya alikuwa akimwita "mwenyewe" tu. "Hapa hakuna aliyejua kusema naye. Mimi namwogopa. Namfunikia chakula, basi. Siku aliyofika mumeo mara ya kwanza, sikuwako. Akasimama mlangoni akapiga hodi." Akakikunja kile kitambaa cheupe. "Miaka yote ile hakuna aliyempigia hodi. Akamwitikia."

"Nilimbembeleza aje Houston," Zaki akasema, mbele ya mkewe, bila aibu, kama mfiwa. "Alikataa. Alisema havuki maji tena."

Bi Ortensia akamtazama Mahfudha. "Sasa atavuka."

Akavuka.

Siku waliyotua Houston, garini kutoka uwanja wa ndege, mkanda wa kiti cha nyuma ulijifunga wenyewe. Tik. Wakaendesha mpaka Katy, hakuna aliyegeuka kutazama nyuma. Tangu hapo Mahfudha akawa anaamka amesukwa, nywele zimelala safi kwa msuko ambao hajauona kwa mtu aliye hai. Akioga, taulo linamfuata. Akicheka kwenye simu na shoga yake, laini inakatika. Mwanamke wa jirani aliyemkumbatia siku ya Ijumaa alikwenda kwake mkono umekufa ganzi, na ganzi haikutoka wiki nzima.

Na Zaki? Zaki alibadilika yeye. Alikuwa akimsubiri mkewe nje ya bafu. Mara Mahfudha alimkuta ameinamia mto wake, ananusa, macho yamefumbwa, vile vile yeye alivyokuwa akilinusa koti.

"Jana alikusemesha?"

"Hapana."

"Alilala upande gani?"

Hakumuuliza, hata mara moja, kama yeye Mahfudha amelala.

Mwezi ulipokwisha, Zaki alirudi mapema kutoka dukani. Mahfudha alikuwa jikoni, jiko la gesi linawaka, maji ya chai yako juu. Zaki aliweka mezani tiketi mbili za ndege.

"Nimezungumza na Bi Ortensia. Anasema tumpeleke pale pale alipoila ile dawa. Apikiwe, aachwe mezani, sisi tutoke bila kuaga. Atashikwa na nyumba yake. Utapumzika, bibie. Tazama ulivyokonda."

Alisema kweli. Mahfudha alikuwa amekonda mpaka pete inamvuka. Alichoka kuogopa kivuli cha kanga yake mwenyewe. Alitaka kusema twende hata leo. Lakini alimtazama mumewe usoni, akaona uso unang'aa. Kola imenyooshwa. Nywele zimechanwa.

"Na Septemba ijayo?" akauliza.

Zaki akazinyoosha tiketi mezani.

"Nakuuliza. Septemba ijayo utakwenda kununua vigae?"

"Mahfudha, biashara ni biashara."

"Peke yako?"

"Wewe kule hukupapenda."

Mahfudha akachukua tiketi zile, moja juu ya nyingine, akazilaza juu ya moto wa gesi. Zilijikunja ncha, zikashika. Zaki alizirukia, akaungua vidole, akarudi nyuma akivitia mdomoni kama mtoto.

"Umeingiwa na nini? Atakumaliza huyo."

"Na anile," Mahfudha akasema. "Kwako harudi."

Majivu yakaangukia sinia la chai. Friji ikanguruma. Ndipo harufu ikaja, nzito, karibu kuliko siku zote, na sikioni mwa Mahfudha, kwa mara ya kwanza, ikasikika sauti. Sauti ya kike, ya chini, Kiswahili kile cha kale.

"Na huyu mwanamume... anakaa nasi mpaka lini?"

Zaki hakusikia kitu. Alisimama pale pale karibu na jiko, vidole mdomoni, ananusa hewa kwa matumaini.

Mahfudha alifungua kinywa aseme, huyu ni mume wangu.

Vidole baridi vikamlalia midomoni, taratibu, vikaifunga.