Karatasi Ndani ya Biblia

Kila asubuhi Jackton Obuya huwasha mashine yake ya kuchomelea milango pale Dagoretti Corner. Kibanda cha jirani kimefungwa. Ni cha Nthiwa, seremala, ambaye Jackton alimvunja mkono kwa bomba walipogombania mteja.

Mahakamani Jackton alikiri kosa. Akapewa karatasi, akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba kesi imefutwa. Waumini walipiga makofi. Nthiwa, mkono kwenye plasta, akainuka akatoka. Hajarudi tena.

Sasa Mungai, dalali wa vyuma vikuukuu, ameahidi kumletea nguzo za alama za barabarani, zilizong'olewa usiku, kwa bei ya kutupa. Peres, mkewe Jackton, alishtuka. Akaitoa ile karatasi ndani ya Biblia, akamwita Mama Jacklyne, jirani yao aliyestaafu ukarani wa mahakama.

Mama Jacklyne alivaa miwani, akawasomea polepole. Kifungo cha mwaka mmoja. Hakitaanza kutekelezwa, isipokuwa mshtakiwa akitenda kosa lingine katika muda wa miaka miwili.

"Baba Ivyne, kesi haikufutwa," alimwambia Jackton. "Umefungwa, ila kifungo kimetundikwa kama koti msumarini. Ukikosea, unaweza kuvalishwa."

"Lakini mimi nilipiga mtu. Hii ni vyuma tu. Si ni kesi ingine?"

"Hapa hawajaandika kupiga mtu. Wameandika kosa lingine, liwe lolote. Kununua mali ya wizi ni kosa. Utahukumiwa kwa hilo, na ule mwaka pia unaweza kukungoja. Karatasi ya korti haiwekwi tu bila kusomwa. Usipoelewa, muulize karani kabla hujatoka."

Jackton alishindwa hata kumtazama mkewe. Jela ilimtisha, lakini yale makofi ndiyo yaliyomchoma. Alikuwa amejitangaza msafi mbele ya Nthiwa, ambaye yeye mwenyewe alimvunja mkono. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Akampigia Mungai simu, akakataa zile nguzo. Jumapili akasimama tena.

"Niliwadanganya," alisema, macho chini. "Nilihukumiwa, na ilikuwa haki. Nilimuumiza Nthiwa."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Habari zilimfikia Nthiwa. Jumatano alikuja, akahangaika kufungua kibanda kwa mkono mmoja. Jackton alizima mashine, akaenda kumshikia mlango. Alitaka kuomba msamaha, lakini Nthiwa alikuwa tayari anaingiza ufunguo.

Nthiwa alimtazama mara moja.

"Shika vizuri," akasema, akazungusha ufunguo.